Shangazi, mbona huyu ana pembe?

Taa ya nje ilikuwa imewaka tangu magharibi na ukuta ulijaa wadudu. Miongoni mwao alikuwapo mmoja mrefu, mwembamba, mwenye mabawa manne maangavu yenye mishipa kama wavu. Mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa na miaka minane wakati huo, akaniuliza ni mdudu gani. Nikamjibu palepale: kereng'ende. Sikuona sababu ya kusita. Kwa miaka sita nilikuwa nikienda bwawani na kamera kwa ajili yao tu, na nyumbani nilikuwa na picha zaidi ya 400 nilizoziandikia majina kwa mkono wangu.

Mtoto akasogea hadi pua yake ikakaribia kugusa ukuta. Akakaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Shangazi, mbona huyu ana pembe? Wale wa bwawani hawana."

Alikuwa sahihi. Mdudu yule alikuwa na vipapasio viwili vilivyosimama mbele ya kichwa, vinene, vyenye ncha zilizotuna kama vichwa vya njiti za kiberiti. Kereng'ende naye ana vipapasio, ila ni vifupi na vyembamba kama kope, na usipomkaribia sana utadhani hana kabisa. Miaka sita nilitazama rangi, ukubwa na mabawa. Mtoto alitazama kichwa.

Usiku ule sikulala mapema. Nilitaka kujua nilimpa jina la nani, na jibu lilinishangaza kwa sababu mdudu mwenyewe nilimfahamu tangu utotoni, ila kwa sura nyingine. Karibu kila mtoto aliyecheza kwenye mchanga mkavu ameona vile vishimo vidogo vyenye umbo la faneli, ambamo sisimizi akiteleza hawezi kutoka, na chini yake hujificha kidudu kinene chenye taya kama koleo. Kidudu hicho ni lava, yaani mdudu akiwa bado mtoto. Akishiba na kukomaa hujifunga ndani ya kifuko cha hariri kilichogandwa na mchanga, hugeuka bundo, hatua ya kutulia kabla ya kuota mabawa, na anayetoka humo ni yule mrefu mwenye mabawa manne niliyemkuta ukutani. Kwa nasaba ana undugu wa karibu zaidi na mbawakawa na vipepeo kuliko na kereng'ende. Kereng'ende hapitii hatua ya bundo hata kidogo.

Tofauti ya vipapasio ina sababu yake, na nilipoielewa sikuisahau tena. Mdudu wa vishimo akishaota mabawa huruka usiku, na gizani anahitaji kunusa na kupapasa. Kereng'ende anaishi kwa macho. Macho yake mawili yamefunika sehemu kubwa ya kichwa, na kila moja kwa kereng'ende wakubwa lina vijicho vidogo vinavyokaribia 30,000. Anaona mbele, juu, pembeni na karibu nyuma yote bila kugeuka. Mwenye macho ya namna hiyo vipapasio virefu vingemfaa nini?

Hata urukaji ungenitosha kuwatofautisha, laiti ningekuwa na subira. Mdudu wa taa aliondoka ukutani kwa kupapatika, akayumba, akagonga taa, akaanguka, akainuka tena. Kereng'ende hapapatiki. Misuli yake ya kurukia imeshikana moja kwa moja na mashina ya mabawa, na jozi ya mbele anaweza kuipiga peke yake bila kuifuatisha ya nyuma. Nyuki na nzi hawako hivyo: misuli yao hubonyeza na kuachia kifua, nacho kifua ndicho kinachoyasukuma mabawa. Ndiyo maana kereng'ende husimama hewani, hurudi nyuma, hukata kona ghafla. Akimwona mbu hamfukuzi kwa nyuma, hulenga pale mbu atakapokuwa muda mfupi sana baadaye. Waliopima uwindaji wake waliona hufaulu zaidi ya mara tisa katika kumi, na sijui mnyama mwingine ninayeweza kumtazama bila darubini anayeikaribia hesabu hiyo. Miguu yake sita yenye miiba huikunja pamoja ikawa kikapu, akachota windo angani. Kwa kutembea miguu hiyohiyo karibu haina kazi. Katika miaka yote hii sijaona kereng'ende akitembea zaidi ya hatua chache kujiweka sawa juu ya kijiti.

Kesho yake nilifungua picha zangu zote na kuanza upya. Nilizikuta kumi na moja zenye jina la uongo. Nne zilikuwa za mdudu wa vishimo, zote nilizozipiga jioni. Moja ilikuwa ya ndugu yake anayeruka hata mchana na kumkaribia kabisa kereng'ende kwa mwendo, ila vipapasio vyake ni virefu mno, vinakaribia urefu wa mwili, na mwishoni vina kirungu. Picha ile nilikuwa nikiipenda sana. Alikuwa amening'inia kwenye kijiti kikavu huku tumbo ameliinua kama tawi lililovunjika, nami nilikuwa nimewaonyesha watu wengi nikiwaambia ni kereng'ende wa aina ya pekee.

Sita zilizobaki zilikuwa za wale wadudu laini wa majini ambao hutoka kwa maelfu siku moja na kufa karibu siku hiyohiyo. Hao sasa siwezi kuwakosea: mkiani wana nyuzi mbili au tatu ndefu, mabawa ya nyuma ni madogo sana au hayapo, na mdomo wao haufanyi kazi, kwa maana wakishaota mabawa hawali tena.

Lakini fundisho kubwa lilikuwa bado, na lilitokana na neno nililomwambia mtoto yule mwenyewe. Tulikwenda naye bwawani baada ya wiki mbili. Kwenye nyasi za ukingoni palikuwa na wale wembamba kama sindano, wa buluu, waliofunga mabawa juu ya mgongo. Akaniuliza kama hao ni watoto wa wale wakubwa wanaozunguka juu ya maji. Nikamwambia ndiyo, bado hawajakua.

Niliamini hivyo tangu utoto na sikuwahi kuuliza. Ni kosa, na linakosewa na watu wengi wazima. Mdudu akishaota mabawa kamili haongezeki kimo. Hakuna kereng'ende mdogo anayenenepa akawa mkubwa, kama ambavyo hakuna nzi mdogo anayekua akawa nzi mkubwa. Wale wembamba ni watu wazima, wanapandana, wanataga, wanazeeka. Ni ukoo wa peke yao kabisa.

Kiswahili kinawaita wote kereng'ende (jina ambalo katika kamusi limepewa hata ndege wa jamii ya kwale), na wanasayansi nao huwaweka pamoja katika oda moja, yaani kundi moja kubwa, Odonata, jina lililotolewa na mtaalamu wa wadudu Fabricius mwaka 1793 kwa sababu ya taya zao zenye meno. Ndani yake kuna spishi zaidi ya 6,000, na zinagawanyika karibu nusu kwa nusu: kereng'ende wanene, Anisoptera, na kereng'ende wembamba, Zygoptera. Jina la kwanza maana yake ni mabawa yasiyolingana na la pili mabawa yaliyounganishwa, na kwangu huo ndio ufunguo ulionisaidia kuliko mengine.

Mara nyingi watu hufundishwa alama ya kutua: mnene hutandaza mabawa kama ndege ya abiria, mwembamba huyafunga mgongoni. Ni alama nzuri na mimi niliitumia kwa mwaka mzima. Kisha nikakutana na mwembamba wa kijani ing'aayo aliyening'inia kwenye tete na mabawa amefungua nusu, wala si mfungo wala si mtandazo. Nikamwandika kuwa mnene. Kumbe kuna familia nzima ya wembamba, Lestidae, ambao desturi yao ndiyo hiyo.

Nikahamia kwenye macho. Kwa wembamba macho yapo mbalimbali, kila moja upande wake, na ukimtazama kwa mbele kichwa kinafanana na kipini chenye tufe kila mwisho. Kwa wanene macho hukutana juu ya kichwa. Nilidhani sasa nimefika. Mwaka uliofuata nikampata mmoja wa njano na nyeusi juu ya jiwe la mtoni, macho yake hayagusani, nikamwandika kuwa mwembamba ingawa mwili wake ulikuwa unanikatalia. Huyo alikuwa wa familia ya Gomphidae, na hao ni wanene ambao macho yao yameachana kidogo. Nafasi iliyo kati ya macho yao ni ndogo kuliko upana wa jicho lenyewe, na kwa wembamba nafasi hiyo huzidi jicho. Kipimo hicho kilikuwapo kwenye picha yangu, sikukipima.

Ukubwa nao hausemi kitu. Mwembamba mmoja wa misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, Megaloprepus caerulatus, mabawa yake yakitandazwa hufika sentimita 19, upana usiofikiwa na mnene yeyote aliye hai leo. Watoto wake hukulia kwenye maji yanayotuama ndani ya mashimo ya miti.

Siku hizi natazama mashina ya mabawa kwanza. Kwa mwembamba mabawa yote manne yanafanana, na pale yanaposhikana na mwili yamebanwa kama mpini wa kijiko. Kwa mnene bawa la nyuma ni pana shinani kuliko la mbele. Alama hii inafanya kazi hata mdudu mwenyewe akiwa ameshaliwa. Niliwahi kuokota bawa moja kwenye utando wa buibui, bila mwili, na bado likaniambia ni la nani. Kwenye ukingo wake wa mbele palikuwa na kifundo, mahali mshipa unapokatika kidogo na kupinda, ambacho mdudu wa vishimo hana. Kifundo kilikuwa karibu na katikati ya bawa, basi ni mnene; kwa wembamba walio wengi husogea zaidi kuelekea shinani.

Kifundo hicho ndicho kilichonifanya niache kumwita Meganeura kereng'ende. Yule ndiye mdudu wa kale aliyeelezwa na Charles Brongniart mwaka 1885 kutokana na mawe ya Commentry, Ufaransa, mwenye mabawa ya sentimita zaidi ya 60, aliyeishi yapata miaka milioni 300 iliyopita. Ni jamaa yao wa mbali. Mabawa yake hayakuwa na kifundo kilichokamilika kama cha hawa tunaowaona leo.

Na wapo wachache, jenasi ya Epiophlebia huko Japani na milima ya Himalaya, ambao mwili ni wa mnene na mabawa karibu ya mwembamba. Nikikutana nao siku moja nitakaa chini kwanza.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ilianza na beseni. Nilichota maji ya bwawa pamoja na matope na majani, nikakuta humo tunutu, watoto wa kereng'ende wasio na mabawa, wa aina mbili. Mmoja alikuwa mfupi, mpana, rangi ya matope. Mwingine mwembamba, na mkiani alikuwa na vijani vitatu vilivyokuwa vikipepea taratibu. Vijani hivyo ni matamvua, humsaidia kuvuta hewa ya majini. Nilimtafuta yule mpana matamvua yake nikayakosa, kwa sababu yamo ndani, mwishoni mwa utumbo. Huvuta maji kwa nyuma na kuyatoa kwa nyuma, na akishtuka huyafyatua yote kwa pamoja akasukumwa mbele kama roketi. Mara ya kwanza nilipomgusa kwa kijiti alivuka beseni zima kabla sijaelewa kilichotokea.

Wote wawili walikuwa na kitu kimoja ambacho sijakiona kwa mdudu mwingine yeyote. Mdomo wa chini umekunjwa chini ya kichwa kama mkono uliopindwa kiwiko, na mwishoni una ndoano. Kiluwiluwi cha mbu kikipita, mkono ule unafyatuka na kurudi, na kiluwiluwi hakipo tena. Nilikaa kando ya beseni jioni nyingi nikisubiri kuona mkono ukitoka. Niliuona ukiwa umerudi tu.

Wengine hukaa majini miezi michache, wengine miaka kadhaa. Yule mpana wangu aliacha kula kwa siku tatu, akawa anatoa kichwa nje ya maji. Nikamwekea kijiti. Akapanda usiku, akakishika kwa miguu yote sita, na mgongo ukapasuka. Alijitoa kichwa na kifua, akaning'inia kwa nyuma muda mrefu bila kutikisika, hata nikadhani amekufa, kisha akajiinua ghafla, akashika ganda lake mwenyewe na kuchomoa tumbo. Mabawa yalikuwa yamekunjamana kama jani changa. Ndani ya ganda tupu zilibaki nyuzi nyeupe, ambazo ni bitana ya mirija yake ya hewa. Amejivua mpaka ndani ya pumzi yake.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ninalolijutia. Bawa moja lilionekana kama limenaswa kwenye kijiti. Nikaliachilia kwa ncha ya kidole, kwa upole wote niliokuwa nao. Mabawa yale bado yanajazwa majimaji na ngozi haijakauka, ukiligusa umeliharibu. Matatu yalinyooka na kukauka yakang'aa. Lile moja lilikauka likiwa na mkunjo, na asubuhi hakuweza kuruka. Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyemchukua kwa kijiti kilekile na kumrudisha kwenye nyasi za bwawani. Hakunilaumu. Tangu hapo nikimwona anayetoka gandani naweka mikono mgongoni.

Mengine niliyajua polepole. Kwamba hawana mwiba wa kuchoma: watu walimtisha mtoto yule kwamba wanauma kama nyigu, na kinachoonekana kama mwiba kwa baadhi ya majike ni chombo cha kutagia mayai ndani ya mimea. Mkubwa ukimkamata anaweza kukubana kwa taya, basi. Kwamba hata namna ya kushikana hutofautiana: dume mnene hulishika jike kichwani kwa vibano vya ncha ya tumbo, dume mwembamba humshika mwanzo wa kifua, nyuma tu ya kichwa, na wakijipinda pamoja huwa na umbo la moyo. Mwaka 1979 mtafiti Jonathan Waage alieleza kuwa dume wa mwembamba aliyemchunguza huanza kwa kuzikwangua mbegu za dume aliyetangulia. Nikaelewa kwa nini madume wengi hawaachi majike wao mpaka wamalize kutaga.

Mchana mmoja nilimkuta jike akigongagonga ncha ya tumbo kwenye paa la gari jekundu lililokuwa limeegeshwa juani. Alikuwa anataga. Kereng'ende huyatambua maji kwa namna mwanga unavyoakisiwa kutoka juu yake, na rangi ya gari iliyong'arishwa huakisi vilevile. Nilimfukuza kwa kitambaa, akarudi. Nikamfukuza tena. Mwishowe nikatandika shuka juu ya paa lote na kusimama pale hadi alipoondoka kuelekea bwawani. Mayai aliyokwisha kuyataga yalikuwa yamekauka juu ya bati la moto.

Na wapo wasafiri. Baada ya mvua kubwa huonekana kundi la manjano likiruka juu ya vidimbwi ambavyo wiki moja kabla havikuwapo. Huyo ni Pantala flavescens. Mwaka 2009 Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi, aliandika kwamba mamilioni yao hufika visiwani humo kila mwaka wakitokea upande wa India, na visiwani hakuna maji yasiyo ya chumvi ya kutosha kuwakuza, akahitimisha kuwa wanavuka Bahari ya Hindi kuelekea Afrika Mashariki pamoja na upepo unaofuata mvua. Bawa la nyuma la Pantala ni pana sana shinani, pana kuliko la wenzake wengi, na ndilo linalombeba akielea bila kupiga mabawa. Watoto wake wanaweza kumaliza maisha ya majini kwa muda wa wiki sita hivi, kabla kidimbwi hakijakauka.

Jumamosi iliyopita tulikuwa bwawani tena, mtoto sasa ana miaka kumi na mbili na kamera ni yake. Kwenye tete alitua mmoja rangi ya shaba, mabawa nusu wazi, amewapa mgongo watu. Nilikuwa na jina lake tayari ulimini. Mtoto akainua kidole kunizuia, akapiga magoti matopeni, akazunguka polepole upande wa mbele, na jicho lake lilikuwa kwenye shina la bawa.